Jina la babu na kitambaa cha ukoo: historia ya tartani ya Uskoti



Katika vikundi vingi tulivyopitia msimu huu, kabla hata ya kuongea mbegu na parseli, watu walituuliza mambo ya kikwembe. Chama kitashona sare, hilo wote wamekubali. Neno linalogawanya watu ni hili: tuchukue kikwembe kimoja kwa wote, ao kila ukoo uwe na chake? Wanaopenda njia ya pili wana mfano mmoja wanaourudilia kila mara: Uskoti. Wanasema kule kila jina lina kitambaa chake tangu enzi za mababu, na ukikiona tu unajua mtu ni wa nani na asili yake ni wapi. Mfano huo haukutoka mbali. Tangu mwaka 2007 kuna familia za Wakongomani zilizotoka kwenye kambi za Zambia na kupokelewa Motherwell, karibu na Glasgow, kwa hiyo picha za harusi zenye wanaume waliovaa kilti si kitu kigeni kwenye simu za watu wetu.

Mazungumzo yakaendelea mpaka mwanamemba mmoja akasema kwamba wale waliobadilisha jina huko ukimbizini wasipewe kitambaa cha ukoo, juu majina yao ya sasa si ya ukoo tena. Hapo tukaona swali si la nguo peke yake. Ndiyo maana safari hii tunaandika historia, kusudi mfano wa Uskoti ujulikane vile ulivyo kweli.

Tuanze na kitu chenyewe. Tartani ni kitambaa cha sufi kilichofumwa kwa mistari inayokatana, mingine ya urefu, mingine ya upana, na mpangilio wa nyuzi ni uleule pande zote mbili. Hakichorwi kama kikwembe chetu. Rangi inatiwa kwenye uzi kwanza, kisha uzi unafumwa, na pale rangi mbili zinapokutana inazaliwa ya tatu. Ukiwa na rangi 2 unapata 3 kwa macho, ukiwa na 6 unapata 21. Kwa sababu hiyo mfumaji mwenye rangi chache za majani na magamba ya miti aliweza kufanya mamia ya mifano bila kurudilia. Kilti ni nguo ya kiunoni ya wanaume inayoshonwa kwa tartani, yenye mikunjo mingi nyuma, na moja kamili inakula karibu metre 7 za kitambaa. Tafadhali msiiite jipe mbele yao.

Ukoo wao wanauita klani, neno lililotoka kwenye Kigaeli, lugha ya zamani ya milima ya Uskoti, na maana yake ni watoto. «Mac» mbele ya jina ni mwana wa fulani, kama vile sehemu za kwetu tunavyosema Bena fulani ao Bene fulani. Mpaka hapo inafanana na kwetu sana. Lakini klani haikuwa watoto wa damu tu. Shefu alikuwa na udongo, watu wakakaa kwenye udongo wake, wakampigania, yeye akawalinda. Wengi walichukua jina lake juu ya ulinzi huo, ao juu ya chakula. Watu wa klani ya Fraser wanasimuliwa mpaka leo kwamba shefu wao alitoa kipimo cha unga kwa kila aliyekubali kujiita Fraser. Ukikutana na Fraser, huwezi kujua kama babu yake alizaliwa nalo ao alilipata pamoja na unga.

Mfano mkubwa zaidi ni wa MacGregor. Mwaka 1603 serikali ya mfalme James wa 6 ilikataza jina hilo kabisa, na adhabu ya kuendelea kulitumia ilikuwa kifo. Kosa lilikuwa vita na uporaji, lakini adhabu ikaanguka juu ya kila mwenye jina, hata mtoto. Wakajificha chini ya majina ya watu wengine: Campbell, Drummond, Murray, Graham, Stewart. Katazo likaondolewa 1661, likarudishwa 1693, likaisha kabisa 1774. Hesabu vizazi vilivyopita hapo katikati! Rob Roy MacGregor mwenyewe, mtu mwenye sifa kubwa katika historia yao, aliwahi kutumia jina la Campbell, tena Campbell ndio waliokuwa maadui wakubwa wa watu wake. Mjukuu wa familia kama hiyo akiingia leo dukani Edinburgh na kusema jina lake ni Campbell, ao Graham, muuzaji atamletea kitambaa cha watu wengine, na wote wawili watatoka wakiwa wamefurahi.

Na kitambaa? Msafiri mmoja, Martin Martin, aliyezaliwa kisiwa cha Skye, aliandika mwaka 1703 juu ya visiwa vya magharibi. Alisema kitambaa kinatofautiana fasi kwa fasi, hata mtu anayejua anaweza kubahatisha mtu anatoka wapi. Fasi, si jina. Tunaelewa vizuri: kila bonde lilikuwa na wafumaji wake na majani yake ya kupaka rangi, sawa vile kikapu cha milimani kwetu hakifanani na cha kando ya ziwa. Kuna pia picha iliyochorwa na David Morier, inayoonyesha wapiganaji wa milimani wakipambana na askari wa serikali mwaka 1746. Waliohesabu walikuta watu 8 wamevaa tartani zaidi ya 20. Mtu mmoja anavaa koti la mfano huu, kilti la mfano mwingine, soksi za mfano wa tatu. Kama kitambaa kingekuwa karte ya ukoo, picha ile ingekuwa fujo tupu. Kilichowatambulisha vitani kilikuwa kijani cha mmea kilichochomekwa kwenye kofia, na upande wa yule mwana wa mfalme waliyempigania walivaa utepe mweupe.

Vita hivyo viliishia Culloden, tarehe 16 mwezi wa nne 1746, kwa muda usiofika saa moja. Charles Edward Stuart, aliyetaka kurudisha ukoo wake kwenye kiti cha ufalme, akashindwa na kukimbia. Serikali ya London ikaamua kuvunja nguvu ya mashefu mara moja: wakanyang'anywa uwezo wa kuhukumu watu wao, silaha zikakusanywa, na nguo za milimani zikakatazwa kuanzia tarehe 1 mwezi wa nane 1747. Mwanaume ao kijana aliyekutwa na kilti, ao koti la tartani, alifungwa miezi 6. Akirudilia, anapelekwa ng'ambo ya bahari miaka 7.

Wenye umri kati yetu wanakumbuka kitu kinachofanana. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya kikristo, na watu wakatafuta majina ya mababu haraka haraka ofisini. Suti na kravati zikawa kosa, abakosti ikawa nguo ya heshima mpaka 1990. Serikali ikitaka kugeuza watu, inaanza kwa jina na nguo, hii si ya Wazungu peke yao.

Katazo la Uskoti lilikuwa na mlango mmoja: askari wa jeshi la serikali waliruhusiwa. Regimenti inayoitwa Black Watch, iliyotokana na vikosi vya kulinda milima vya mwaka 1725, ilivaa tartani nyeusi, bluu na kijani. Kwa hiyo katika miaka 35 ya katazo, mahali pa hakika pa kuona vijana wa milimani wamevaa nguo ya babu zao palikuwa ndani ya jeshi la yule aliyewakatazia. Na jeshi linataka wote wafanane. Wazo la kwamba kundi moja la watu livae mfano mmoja tu lilikomaa huko, kwenye sare ya kijeshi. Mpaka leo tartani ile ya Black Watch huuzwa pia kama kitambaa cha Campbell.

Sheria ikafutwa 1782. Lakini wazee waliojua kufuma kwa mkono wengi walikuwa wamekufa, na aliyejaza nafasi alikuwa mfanyabiashara. Kiwanda cha William Wilson na wanawe, Bannockburn, chini kabisa ya milima, kilikuwa kinauzia regimenti. Kwanza mifano yake ilikuwa na namba. Kisha kikaona kwamba kitambaa chenye jina kinauzwa vizuri zaidi kuliko chenye namba. Mfano mmoja uliitwa Kidd, juu ulinunuliwa kwa wingi na bwana mmoja wa jina hilo kwa ajili ya kuvalisha watumwa wake kwenye visiwa vya Karibi. Baadaye mfano huohuo ukauzwa kama tartani ya Macpherson. Watumwa wale walitoka Afrika, wengine labda kwenye mito ya nchi yetu, na walivaa «kitambaa cha ukoo» kabla ukoo wenyewe haujakivaa.

Mwaka 1815 chama cha Waskoti waliokaa London kiliandikia mashefu wote barua: kila mmoja alete kipande cha tartani ya klani yake, kitiwe muhuri, kihifadhiwe. Ni hapo siri ilipofichuka. Mashefu kadhaa hawakujua chao ni kipi. Lord Macdonald, mkubwa wa moja ya klani kubwa kabisa, alijibu kwamba kwa kweli hajui tartani ya Macdonald ni ipi, na angefurahi kama wao wangemwambia. Wengine waliuliza wazee, wengine waliuliza Wilson.

Kisha mwaka 1822, mwezi wa nane, mfalme George wa 4 akaja Edinburgh. Ilikuwa zaidi ya miaka 170 hakuna mfalme aliyekanyaga Uskoti. Mwandishi Walter Scott ndiye aliyepanga sherehe, akaomba mashefu waje na watu wao wamevaa tartani. Mfalme mwenyewe, mtu mnene sana, akavaa kilti nyekundu na soksi ndefu za rangi ya ngozi, mavazi yaliyogharimu zaidi ya pauni 1,300. Wilson alifuma usiku na mchana. Watu wa bondeni, ambao baba zao walisema kilti ni nguo ya wezi wa ng'ombe, sasa wakaanza kutafuta klani yao.

Kiu ikiwa kubwa, mtu wa kuuza maji hakosekani. Ndugu wawili wa familia ya Allen, waliojiita Sobieski Stuart na kudai kuwa wajukuu wa yule Charles wa Culloden, walitoa mwaka 1842 kitabu kikubwa cha kifahari, Vestiarium Scoticum, chenye tartani 75. Walisema wameinakili kutoka kwenye maandiko ya karne nyingi nyuma. Maandiko hayo ya asili hakuna mtu wa nje aliyewahi kuyakagua, na Walter Scott alishakuwa na mashaka tangu 1829. Leo wataalamu wanakubali kwamba mifano mingi waliibuni wenyewe. Na bado inavaliwa! Familia zilioa na kuzika zikiwa zimeivaa, vizazi sita saba sasa, na hakuna anayefikiri kuitupa. Sisi tunaona hawana kosa. Kitambaa kilichozikiwa bibi yako kimeshakuwa chako, hata kama aliyekichora alikuwa mwongo.

Kuna jambo moja linalotukaa rohoni kuliko yote haya. Miaka ileile ambayo tartani ilipanda bei, wenye tartani walikuwa wanafukuzwa. Mashefu waliopoteza nguvu ya vita hawakuhitaji tena watu wengi, walihitaji pesa, na kondoo walileta pesa kuliko watu. Katika bonde la Strathnaver, kwenye udongo wa Countess wa Sutherland, familia zilitolewa mwaka 1814, kisha tena 1819, na nyumba zikachomwa ili wasirudi. Msimamizi wake Patrick Sellar alipelekwa mahakamani 1816, akaachiliwa. Naye MacDonell wa Glengarry, aliyeanzisha chama cha «watu wa milimani wa kweli» na kupenda kuchorwa akiwa na tartani kutoka kichwa mpaka miguu, alikuwa akitoa watu wake mashambani wakati huohuo. Wengi walipanda meli kwenda Kanada. Vitukuu vyao ndivyo vinavyoandika barua leo kuuliza tartani ya jina lao.

Basi Mskoti wa leo anachaguaje? Hakuna sheria inayomkataza mtu kuvaa tartani yoyote. Kuna desturi tu. Wengi wanachukua ya jina la baba. Wengine ya mama, ao ya bibi, na hakuna anayewacheka. Jina lisilo na klani linatafutwa kwenye orodha za majina yanayofuata klani kubwa, na orodha hizo nyingi ziliandikwa na watu wa biashara. Smith, kwa mfano, maana yake ni mhunzi. Kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, kwa hiyo kuwapa kina Smith wote klani moja ni sawa na kusema wahunzi wote wa Kivu ni mtoto na baba. Ambaye hapati chochote anavaa ya wilaya ya babu zake, ao ya Black Watch iliyo wazi kwa wote. Na muuzaji akikuambia hii ni ya «zamani», ujue anasema rangi zimepauka kufuata dawa za majani. Mfano wenyewe unaweza kuwa wa juzi.

Tuchukue jina moja tunalolijua sote: Livingstone. Alipita kwetu. Mwaka 1871 alikuwa Nyangwe, kando ya Lualaba, na mwishoni mwa mwaka huo yeye na Stanley walipanda mtumbwi mpaka ncha ya kaskazini ya Tanganyika, hatua chache kutoka Uvira, wakahakikisha kwamba Rusizi inaingia ziwani, haitoki. Angevaa tartani gani? Duka litasema: ya Livingstone, ipo. Lakini kuna kina Livingston wa bondeni, jina linalotokana na mji wa mtu aliyeitwa Leving, na hao si watu wa milimani. Kuna wa milimani, ambao kwa Kigaeli waliitwa MacLeay, wakageuza jina kwa Kiingereza. Wakubwa wao wako kisiwa cha Lismore na wanatunza fimbo ya mtakatifu Moluag mpaka leo. Hao vitani walifuata Stewart wa Appin. Livingstone mwenyewe aliandika kwamba baba wa babu yake alikufa Culloden. Halafu babu yake alilima kisiwa cha Ulva, udongo wa klani ya MacQuarrie, mpaka shida ilipomsukuma kwenda Blantyre kwenye kiwanda cha pamba, ambako David alianza kazi akiwa na miaka 10. Hata herufi ya mwisho ya jina haikutulia: kwa miaka mingi familia iliandika Livingston, kisha «e» ikarudi. Tayari tuna vitambaa vitatu, na vyote vitatu vina sababu.

Tunalileta hilo juu katika vikundi vyetu tunakutana nalo kila wiki. Mama mmoja ana jina moja kwenye karte ya mchaguzi, lingine kwenye karatasi ya HCR ya Nyarugusu, na la tatu ndilo majirani wanaloita. Hakuna alilodanganya. Moja liliandikwa na mtu asiyejua lugha yake, moja lilimsaidia kupita barabarani, moja alipewa na shangazi. Ukimwambia achague moja ndipo apewe kikwembe, umemwambia achague sehemu gani ya maisha yake haikuwepo. Kwa upande wetu tunaunga mkono kikwembe kimoja cha chama, na ukoo unaotaka chake ushone chake kwa harusi na matanga, bila orodha ya nani anastahili. Wanaofikiri kinyume waandike, gazeti hili lina nafasi.

Tumalizie na Ulva, kisiwa cha babu yake Livingstone. Shefu wa MacQuarrie alikiuza mwaka 1777 juu ya madeni. Mwaka 1835 kilinunuliwa na Francis William Clark, wakati kilikuwa na watu karibu 600, na katika miaka michache baada ya njaa ya viazi aliwatoa sehemu kubwa yao. Kuta za nyumba zao bado zinaonekana kwenye majani. Mwaka 2018, kwa kutumia sheria inayopa wakaaji haki ya kununua udongo pamoja, na kwa pesa za mfuko wa serikali wa ardhi, wakaaji wa Ulva na majirani zao wa kisiwa cha Mull walikinunua chote. Siku hiyo watu waliobaki wakiishi Ulva hawakufika 10. Kazi ya kwanza waliyojipa ilikuwa kutengeneza nyumba, na familia zikaanza kuhamia. Hakuna aliyeulizwa jina lake linaangukia klani gani.